Hita ya Pikapu ya Dizeli Inapokuwa Dhaifu: Tuanze na Joto la Injini

Mkaazi wa Mombasa anaweza kumiliki pikapu kwa miaka mingi bila kujua kama hita yake inafanya kazi, kwa kuwa huku kwetu swichi ya joto hukaa upande wa baridi kuanzia Januari hadi Disemba, na kinacholalamikiwa ni kiyoyozi peke yake. Mambo hubadilika gari linapoanza kupanda bara. Sisi tunaopeleka nazi na embe Nakuru na Molo, kisha tukarudi na viazi vya soko la Kongowea, huondoka usawa wa bahari tukaishia kwenye nyanda zilizo juu ya mita 2,000, na mara nyingi ni usiku wa Julai, baada ya kupita Limuru, ndipo dereva anapogundua kwamba kinachopulizwa miguuni ni hewa vuguvugu na kioo cha mbele kimefunikwa na ukungu. Nimelichunguza tatizo hili katika gari langu na katika magari ya wenzangu wa biashara, na msimamo wangu ni kwamba uchunguzi uanzie kwenye injini na maji yake kabla ya mtu yeyote kugusa dashibodi. Sababu kubwa zaidi nilizokutana nazo zilikuwa zimetengenezwa Pwani, katika gereji, kwa nia njema.

Hita ya gari haina moto wake yenyewe. Maji yaliyopashwa joto na injini hupelekwa kwa mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo, na hewa hiyo ndiyo inayomfikia dereva. Injini ya dizeli, kwa maumbile yake, hupoteza joto dogo kuliko ya petroli, na inaponguruma gari likiwa limesimama huchoma mafuta machache sana huku ikivuta hewa tele ya baridi, hivyo joto linalobaki kwa ajili ya maji huwa kidogo. Kwa hiyo anayewasha gari alfajiri Molo na kuliacha likinguruma uani huku akinywa chai, akitarajia kukuta hita imekolea, anapoteza dizeli yake bure. Aondoke taratibu bila kuikaba injini, na maji yatapata moto mapema zaidi. Baadhi ya magari ya dizeli yanayoundwa kwa ajili ya nchi za baridi kali huongezewa hita ndogo ya umeme ili kuziba pengo hilo. Asiye nayo asiihesabu subira ya dakika za mwanzo kuwa ni ubovu. Ubovu ni pale umekwisha kutembea nusu saa barabarani na hewa bado haijawa na joto la maana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye thamostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta kubwa, ile ya mbele ya gari inayoyapoza, hadi injini ipate joto, na katika injini nyingi za pikapu zetu huanza kufunguka maji yakiwa na joto la nyuzi 82 hivi. Gari likichemsha hata mara moja, kwa mfano kwenye foleni ya malori ya Changamwe mchana wa Februari, fundi wengi wa mjini kwetu huing'oa na kumkabidhi mwenye gari mkononi. "Bosi, huku Mombasa hiki hakina kazi, kinazuia maji tu," ndivyo huambiwa. Maneno hayo yana mantiki ya nusu. Katika injini ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili cha kufunga njia ya mkato, kuing'oa huiacha njia hiyo wazi, sehemu ya maji ikawa inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari linaweza kuchemsha zaidi ya awali. Na hata pale ambapo mjini linaonekana limepona, likifika penye hewa ya nyuzi 10 na upepo wa mwendo wa barabara kuu, maji hupozwa kupita kiasi, injini hula mafuta zaidi, masizi huongezeka, na hita hunyimwa joto lake. Gari lililochemsha lina sababu nyingine, mara nyingi rejeta iliyoziba, feni iliyochoka au maji yaliyopungua, na sababu hiyo ndiyo ya kutibiwa.

Je, utajuaje kama thamostati ipo na ni nzima? Mshale wa joto kwenye dashibodi usiuamini sana, kwa kuwa katika magari mengi ya kisasa umetengenezwa ukae katikati kwa kiwango kipana cha joto ili dereva asibabaike. Nunua au azima kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha namba kwenye simu, kisha usome joto la maji gari likiwa mwendoni. Namba ikining'inia kwenye 60 na kitu huku barabara ikiwa wazi, thamostati haipo, au imekwama ikiwa wazi. Kwa gari la zamani lisilo na kompyuta, tumia mkono: injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe na ushike mpira wa rejeta unaoungana na nyumba ya thamostati. Unatakiwa ukae baridi kwa muda mrefu, kisha upate moto ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo, jibu umeshalipata. Jihadhari na mkanda na feni, na nguo yenye mikono mipana ivue kabla ya kuinama.

Thamostati yenyewe hupimwa kwa sufuria ya maji jikoni. Itundike kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, na utazame inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi ukilinganisha na namba iliyogongwa juu yake. Unaporudisha mpya, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kielekee juu, maana ndicho kinachotoa hewa wakati wa kujaza maji, isipokuwa kama kitabu cha gari lako kinaelekeza vingine.

Jambo la pili ni maji, na hapa Mombasa ina mkosi wake. Visima vingi vya kisiwani na vya pembezoni vina maji ya chumvi, na ndiyo hayo hayo yanayomiminwa kwenye rejeta na kijana wa gereji kutoka kwenye dumu la manjano. Chokaa iliyomo hujitenga maji yanapopata moto na kuganda kwenye njia nyembamba, chumvi hula alumini, na kutu ya injini hujiongezea juu yake. Rejeta ya hita, kwa kuwa vijia vyake ni vyembamba na kwa kuwa katika magari yenye koki ya hita maji hayapiti humo kamwe swichi ikikaa upande wa baridi, huwa kama kona ya jikoni ambako tope lote hukimbilia. Watu wakisikia kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, hudhani ni kwa ajili ya barafu, wakaona haiwahusu Waswahili wa Pwani. Kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na nusu yake ichanganywe na nusu ya maji yasiyo na madini, yale ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya betri, iwapo haikuja ikiwa imechanganywa tayari.

Kiasi cha maji nacho kikaguliwe asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kwani kufungua kifuniko cha rejeta ya moto ni kujitafutia majeraha. Rejeta ya hita aghalabu huwa imekaa mahali pa juu, hivyo maji yakipungua kidogo tu, ndiyo ya kwanza kuyakosa. Dalili yake ni hita inayopata joto ukikanyaga mafuta na kupoa ukiachia, pamoja na sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi. Kifuniko kilicholegea mpira wake nacho kitazamwe, kwa maana hakizuii tena mgandamizo. Mombasa maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Timboroa, juu ya mita 2,700, huchemka kwenye 91 hivi. Kifuniko kibovu kilichokusitiri mjini kitakuaibisha huko, maji yatamwagika, na hita itakufa kabla hujajua tatizo limetoka wapi. Ukijaza upya, paki gari pua ikiwa juu, weka swichi ya hita kwenye joto, mimina polepole, bonyeza mipira kwa mkono ili hewa ipande, acha injini ipate joto mpaka thamostati ifunguke, kisha urudi kuangalia kesho yake.

Endapo viputo havikomi hata baada ya hayo, mipira inakakamaa muda mfupi baada ya kuwasha injini baridi, au maji yanapungua bila kuonekana yanakovujia, acha habari ya hita na umtafute fundi wa kupima gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake.

Joto la injini na maji yakiwa sawa, sasa ushike ile mipira miwili inayoingia kwenye hita, pale inapopenya ukuta wa nyuma wa boneti, ukitumia kitambaa. Yote miwili ikiwa moto sana, maji yanapita na tatizo liko upande wa hewa. Mmoja ukiwa moto na wa pili vuguvugu, rejeta ya hita imeziba. Yote ikiwa baridi ilhali injini ni ya moto, koki ya hita imekwama, au fundi aliyewahi kukuta uvujaji aliunganisha mipira hiyo kwa bomba fupi ili maji yasiingie ndani, jambo ambalo mnunuzi wa gari lililotumika haambiwi. Hita iliyoziba husafishwa injini ikiwa baridi, kwa kuichomoa mipira yote miwili na kupitisha maji ya mpira wa bustani kuanzia upande yanakotokea, kwa nguvu ndogo, hadi yatoke meupe. Mashine ya kuoshea magari isitumike kabisa, kwa sababu itapasua vijia na kukuachia zulia lililolowa pamoja na harufu tamu ya kulanti, na kubadilisha rejeta hiyo ni kushusha dashibodi nzima.

Upande wa hewa hauna mengi. Kichujio cha hewa kilicho nyuma ya kisanduku cha kuwekea vitu mbele ya abiria, kama gari lako linacho, hujaa vumbi hadi feni ikalia bila kupuliza. Na waya au mota ya kilango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi hukwama kwa unyevu na chumvi ya bahari kwa kuwa haikuguswa miaka. Izungushe swichi hadi mwisho mara moja moja hata kama huna safari.

Jaribio la mwisho lifanyike kabla ya kupanda, na hesabu yake izingatie hali ya hewa ya Pwani. Hita hupandisha joto la hewa ya nje kwa sehemu fulani ya tofauti iliyopo kati yake na maji. Tuseme maji yana nyuzi 85 na hewa ya Mombasa 30: kipimajoto kwenye tundu la dashibodi kikisoma 45, mkono wako utaiita hewa hiyo moto, kumbe hita imetoa chini ya thuluthi moja ya uwezo wote, na Molo penye nyuzi 8 hewa hiyo haitafika 30. Ikisoma 60, tarajia karibu 50 huko juu. Kwa hiyo swichi ya hewa iwekwe kwenye hewa ya nje na si ile inayozungushwa ndani, kiyoyozi kizimwe, madirisha yafunguliwe kwa ajili ya aliyekaa kando yako, na kipimo kichukuliwe kati ya Miritini na Mariakani gari likiwa katika mwendo wa kawaida. Chini ya 55, mimi hurudi gereji.