Je, mawe haya yana shaba?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa nikipita na ditekta (kifaa cha kutafutia metali ardhini) kwenye korongo moja huku Ruangwa, kifaa kililia, nikachimbua mawe mawili: moja lina utando wa kijani, jingine ni jeusi na linang'aa. Nitajuaje kama yana shaba? Msomaji, Lindi.

JIBU: Ndugu msomaji, jiwe la kijani huenda silo lililofanya kifaa chako kilie, kwa kuwa malakiti, madini ya kijani ambayo takriban asilimia 57 ya uzito wake ni shaba, haipitishi umeme vizuri, na ditekta huipita kimya. Mimi nalishuku lile jeusi. Ruangwa ni nchi ya kinywe (grafiti, madini meusi ya penseli), nacho hupitisha umeme. Jiwe hilo likiacha alama ya penseli kwenye karatasi na weusi unaoteleza vidoleni, ni kinywe hicho.

Lile la kijani likwaruze kwa kisu: malakiti hukwaruzika, na unga wake huwa wa kijani hafifu. Utie unga huo katika siki, ambamo hutoa vipovu polepole, kisha tumbukiza msumari wa chuma uliousugua kwa msasa. Baada ya saa chache ukiutoa umevaa wekundu wa shaba (usiuchanganye na kutu, ambayo ni ya hudhurungi na haing'ai), jibu unalo. Tumia chombo usichokilia, maana maji hayo ni sumu.

Ukitaka kuendelea kuchimba, pitia kwanza ofisi ya madini, kwa sababu sheria inadai leseni.