Mwambieni mtoto kwamba sindano inauma

Wiki hii mmeuliza: mtoto akilazwa hospitalini, mzazi ategemee nini? Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibaigwa, mkoani Dodoma, na Julai iliyopita, kwenye ule upepo wetu wa baridi na vumbi, nililala wodini siku tano na kitinda mimba wangu wa miaka minne. Alikuwa na nimonia.

Mwanzoni mambo yanakwenda mbio. Mtoto anapimwa uzito, na hata akihangaika mwache asimame mzanini vizuri, kwani dozi za dawa nyingi za watoto hupangwa kwa kilo zake. Nesi anahesabu pumzi dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, zikifika 40 ni kasi mno. Wangu alikuwa na 58, na kifua kinabonyea kila akivuta hewa. Akabanwa kidude kidoleni cha kupima oksijeni, akawekewa mpira puani, kisha ikaja kanula, kile kimrija kinachoingizwa mshipani kwa sindano na kuachwa hapo kupitishia dawa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia, "Haiumi, baba, ni kama sisimizi tu." Mshipa haukuonekana. Akachomwa mara tatu ndipo ukapatikana, mkono ukafungwa kwenye kipande cha boksi usikunjike. Kuanzia hapo hakuniamini tena. Uji alikataa, dawa alitema, na nikisema naenda chooni mara moja, analia mpaka wodi nzima inaamka. Na kwa kweli nyumbani tulishamwandaa vibaya. Nani kati yetu hajamwambia mtoto, "Ukilia namwita daktari akuchome sindano"? Mtoto anafika kwa daktari akijua ameletwa kuadhibiwa.

Usiku wa pili nesi mmoja, mama mtu mzima, alinivuta pembeni. "Mama, mwambie inauma. Inauma, halafu inaisha, na wewe umemshika." Dozi ya asubuhi nilimwambia hivyo hivyo, tukahesabu pamoja mpaka kumi. Alilia sana, ila safari hii alilia kifuani kwangu.

Mengine ni ya kujipanga. Beba khanga za ziada, beseni, chupa ya chai na blanketi, maana mtalala kitanda kimoja. Daktari akipita rauni asubuhi usiwe umekwenda kufua. Msubiri hapo kitandani na swali lako. Kwa sera, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, lakini dawa ikikosekana dirishani utaandikiwa ukanunue nje, kwa hiyo uwe na akiba. Ukikwama, uliza ofisa ustawi wa jamii bila aibu, hiyo ndiyo kazi yake. Baba yake alizuiwa getini hadi saa ya kuona wagonjwa, na hilo liliniuma, kwa sababu mtoto alimlilia yeye zaidi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni la baada ya kuruhusiwa. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza upya. Alinifuata hadi jikoni ameshika khanga yangu, na usiku alishtuka akiuficha mkono ule uliokuwa na kanula. Watoto wengi huwa hivyo wakitoka wodini. Kwetu ilichukua wiki mbili na siku kadhaa, kisha ikapungua yenyewe. Kama kuna mwenzangu ambaye yuko kwenye wiki hizo sasa, nakuomba usimchape.