Boksi la Sani chini ya kitanda

Jumapili usiku, nikiwa nafunga hesabu za duka, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa kijana wa Makambako: “Shikamoo mzee. Babu alifariki mwaka jana, ameacha boksi zima la magazeti ya katuni ya Sani. Nimesoma kwamba Marekani katuni moja imeuzwa mabilioni. Haya ya babu nikiyauza siwezi kupata hata pikipiki?”

Ameniita mzee, nimemsamehe. Kilichoniuma ni picha aliyoambatanisha. Ameyaanika magazeti barazani, moja moja, kama dagaa, jua linawaka, na pembeni ipo ndoo yenye kitambaa kibichi. Alikuwa anayafuta vumbi yapendeze machoni pa mteja. Nilimpigia saa ile ile hata kabla sijaitikia shikamoo yake. Akasema ameshaanua, ila matatu yamejikunja kama chapati. Nikakosa la kusema, nikamwambia nitamwandikia. Nikikaa kuandika huwa siishii kwa mtu mmoja, basi haya ni yenu nyote mlio na boksi chini ya kitanda na ndoto ya pikipiki.

Habari ya mabilioni ni ya kweli. Aprili 2024 nakala moja ya toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, lile ambalo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Hizo wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 15 za Tanzania, na gazeti lenyewe lilipotoka liliuzwa senti 10. Lakini hebu tazama jambo moja ambalo watu hulipita haraka: nakala ile, kwa hali yake, ilipewa alama 8.5 kati ya 10. Karatasi ya 1938! Ilishatoka mitaani, ikapita vita, ikapita watoto, ikapita mama zao wanaosafisha nyumba, bado ikapata nane na nusu. Bei iko hapo. Ziliuzwa nyingi, zikatupwa nyingi, zikabaki chache, na katika hizo chache zilizo safi unazihesabu kwa vidole.

Wamarekani wenyewe walishawahi kulisahau hilo. Mwishoni mwa 1992 lilitoka toleo la 75 la Superman, lile anapokufa, limefungwa kwenye mfuko mweusi na ndani kuna kitambaa cha msiba cha kuvaa mkononi. Watu wakapanga foleni, wengine wakanunua matano matano, hawakufungua, wakaweka kabatini wakisubiri utajiri. Zilichapwa nakala kwa mamilioni na wote wakazitunza. Kitu ambacho kila mtu anacho na kila mtu amekitunza, utamuuzia nani? Mpaka leo ni cha bei ya kawaida.

Sasa mimi.

Nimezaliwa 1979, nimekulia Iyunga, hapa Mbeya, karibu na stesheni ya reli ya TAZARA. Baba alikuwa anafanya kazi ndani ya treni, na kila akirudi kutoka Dar mfukoni mwa koti kuna Sani limekunjwa mara mbili kwa urefu. Mkunjo ule wa baba ninaujua hadi leo, na kwa mtu anayepima hali ya magazeti ule pekee unakula alama mbili. Tulilisoma kwa zamu. Watu wetu wa katuni walikuwa Ndumilakuwili, Pimbi, Lodi Lofa. Wakati huo sikujua kwamba jina Sani limetokana na Saidi na Nico, yaani waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, wala sikujua kwamba Philip Ndunguru, mkono uliowachora wale watu wangu, alifariki 1986 akiwa kijana mbichi, na kwamba baada yake walichorwa na wengine. Mtoto anajua kucheka tu.

Mama alikuwa anauza karanga stesheni. Nadhani mmeshaelewa. Siku moja nimetoka shule nakuta boksi limepungua nusu, na mama amekaa kwenye kigoda anakunja koni, kurasa nne kwa mara moja, kwa ule ufundi wa vidole ambao sijawahi kuuona kwa mtu mwingine. Nilikimbia stesheni. Niliwafuata abiria mmoja mmoja nikiomba karatasi wakimaliza kula. Nilipata kurasa saba. Moja ninayo hadi leo: ina duara la mafuta katikati, na ukiinyanyua kwenye mwanga unamwona Lodi Lofa wa upande wa pili anatokeza ndani ya duara kama mtu anayechungulia dirishani. Haina thamani yoyote. Siiuzi.

Miaka ya katikati naiacha. Nilisoma, nikaoa, nikafungua steshenari Soweto ya hapa Mbeya.

Mwaka 2017 nikaanza upya, safari hii kwa pesa zangu. Nikazunguka Mwanjelwa kwa wauza vitabu vya mtumba, nikashuka Tunduma, nikaenda Iringa. Tukuyu nilimpata mzee mmoja mwenye African Film, zile hadithi za picha za Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na sigara ambaye baba zetu walimwiga mpaka namna ya kuegemea ukuta. Aliyeigiza anaitwa Jore Mkwanazi. Mzee alikuwa ameyapanga juu ya dari la jiko. Moshi wa miaka mingi umefukuza mende na mchwa wote, hakuna hata tundu moja, ila majalada yamekuwa rangi ya chai ya rangi na yananuka kama nyama ya kukausha. Nilinunua. Mke wangu akasema aidha yalale nje au yeye.

Halafu ndipo nikajikwaa. Hapa naandika polepole kwa sababu bado panauma.

Mnunuzi mmoja wa Dar, mkusanyaji anayejulikana, aliniuliza kama nina Sani za miaka ya 1980. Nikampelekea picha za magazeti kumi na moja. Akauliza hali. Nikamjibu, kwa kujiamini kabisa, “Tisa kwa kumi yote, kaka.” Tukapatana shilingi 30,000 kila moja, jumla 330,000, atalipa mzigo ukifika. Nikaufunga kwenye boksi la mafuta ya kupikia, nikajaza magazeti pembeni, nikaupeleka stendi, ukaingia kwenye basi la alfajiri.

Kesho yake jioni zikaanza kuingia picha. Pini zimeota kutu, na kutu imeumba kidoa cha kahawia kuzunguka kila tundu. Mgongo umepasuka chini. Jalada la nyuma limekatwa pembe, mtu alikata kuponi. Selotepu ya njano kwenye ukurasa wa tano. Na lile lililokuwa bora kuliko yote, nililolipiga picha ya kwanza, halina karatasi ya katikati. Kurasa nne hazipo, na hadithi inaruka kutoka Pimbi kubisha hodi hadi Pimbi kukimbia.

Alilipia matatu. Mengine aliyarudisha, nauli juu yangu. Angeishia hapo ningenyamaza, lakini aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye watu zaidi ya mia: “Jihadharini na huyu wa Mbeya, anauza karatasi za vitumbua.” Wakacheka. Kuna mtu akaweka picha ya kitumbua. Mimi mtoto wa koni za karanga nikaambiwa hivyo! Nilitoka kundini na kwa miezi saba sikugusa boksi.

Lakini niwe mkweli, maana nisipokuwa mkweli makala hii haina faida. Ile selotepu niliibandika mimi kwa mkono wangu, na nilijua ipo. Ile karatasi ya katikati sikujua, kwa sababu sikuhesabu. Nilivyotazama majalada yale niliona baba anashuka kwenye treni, nikampa baba tisa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nikikaa vizuri naona ndio huo huo utakaojirudia: usipime cha kwako. Mpe mtu asiyekipenda. Wenzetu wa Marekani wana kampuni za kazi hiyo. CGC ya Florida ilianza mwaka 2000: unawapelekea gazeti lako, watu wasiokujua wanalipekua, wanalipatia alama kutoka 0.5 hadi 10 na kulifungia ndani ya plastiki ngumu. Likiwa limekarabatiwa, labda limepakwa rangi mahali palipochubuka, linapewa lebo ya zambarau badala ya bluu, na bei hushuka hata kama kwa macho linapendeza zaidi. Huku kwetu hatuna huduma hiyo, na gharama ya kutuma Sani Florida itazidi bei ya Sani. Mimi nina mke wangu.

Hasomi katuni na hazipendi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri dirishani, namwekea meza, ananawa mikono na kuikausha kabisa, anafungua ukurasa mmoja mmoja akihesabu kwa sauti. Anaangalia pini, mgongo, pembe, maandishi ya kalamu, madoa, harufu. Kisha anataja namba na mimi naandika bila kubisha. Nikibisha anaondoka. Siku moja nilimtania anipime na mimi. Akanitazama kidogo, akasema, “Sita. Pini zina kutu.”

La kutunza ni refu lakini nitafupisha. Karatasi ya magazeti imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa na kila kilichomo ndani yake, kwa hiyo asidi inaitafuna hata ukiwa hujaigusa, na joto, jua na unyevu vinaongeza kasi. Baridi ya Mbeya inatusaidia kuliko wenzetu wa pwani, lakini mvua ikianza Novemba mpaka Mei unyevu unapanda ukutani, na Tukuyu ndiyo usiseme. Usiweke boksi kwenye sakafu ya saruji. Usiliegemeze ukutani wala chini ya bati lisilo na dari, maana asubuhi za Juni bati linatoa jasho. Yasimamishe wima, yakishikana bila kubanana. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali iache, baada ya muda inanata na kula wino. Tafuta ile angavu inayolia kama jani kavu. Nyuma weka kadi ngumu, na kama ni manila ya dukani kama ninayouza mimi, ibadilishe kila baada ya miaka michache kwa sababu nayo ina asidi. Nawaambia hivyo na ninaiuza. Selotepu: hapana. Gundi: hapana. Kitambaa kibichi, kijana wa Makambako, hapana, hapana.

Na hesabu kurasa.

Miezi saba ilipopita nikaanza tena kwa kubadilishana tu, bila pesa. Mwalimu mmoja wa Iringa, anayeishi karibu na Miyomboni, alitaka Kingo, zile katuni za James Gayo, nami nilikuwa nazo mbilimbili. Nikampa nane nikapata Sani nne. Tulikutana Makambako, yeye na basi lake, mimi na langu, tukapekua magazeti juu ya meza ya mama ntilie huku tumeisukuma sahani ya ubwabwa pembeni. Kila mmoja alimtajia mwenzake kasoro za magazeti yake mwenyewe kabla hajaulizwa. Sijawahi kufanya biashara tamu kama ile.

Mwaka jana yule yule wa Dar alinitafuta. Nilimpelekea Sani sita, na chini ya kila picha nikaandika maneno ya mke wangu kama yalivyo: “Tano. Mkunjo katikati, doa la chai ukurasa wa tisa, kurasa zote zipo.” Zilipofika akanipigia simu mwenyewe. “Kaka, hizi si tano, hizi ni sita na nusu.” Akalipa 480,000. Ada ya mtoto ya muhula ikatoka humo, na mabati mawili ya jikoni. Najivunia, kwa nini nisijivunie? Ila kundini hajarudi kusema neno, na wale mia bado wanamkumbuka mtu wa vitumbua. Kusema hadharani ni rahisi sana, kurudi hadharani kujisahihisha hakuna anayerudi.

Nyie vijana mnaonitumia picha usiku, mnaanza na bei. Mnataka mwisho wa hadithi kabla ya kufungua jalada. Hamjui nani amechora, hamjui kama ukurasa wa katikati upo, mnajua dola milioni 6 tu. Soma kwanza. Lisome lote, ucheke, ndipo utajua unauza nini. Asiyecheka na Pimbi atamwelezaje mnunuzi kwamba kurasa zimeruka? Nami namsema kijana huku nikijua kwamba nilikuwa na miaka karibu arobaini nilipofanya yale yale, tena kwa makusudi kuliko yeye.

Nilimwandikia haya yote kwa kifupi. Nikamwambia ayaweke kati ya vitabu vizito yanyooke taratibu, asiyapige pasi hata akishauriwa na nani, apande basi Jumamosi alete boksi, mke wangu atakuwa mezani saa nne. Akajibu sawa, shikamoo. Baada ya nusu saa simu ikalia tena: “Mzee samahani, mengine matano babu ameandika jina lake kwa kalamu juu ya jalada, kubwa kabisa. Hayo niyafute kwa kitu gani?”

Jina la kalamu jalada zima ni tatu, labda tatu na nusu mke wangu akiamka vizuri. Nikamwambia hayo matano ayaache nyumbani.