Muulize Mwalimu wa Shabaha: Mkono mmoja au miwili?

Shikamoo Mwalimu. Nina miezi 3 tangu nijiunge na klabu ya shabaha. Mkufunzi hataki kuniona nikishika bastola kwa mkono mmoja. Kila siku ni mikono miwili, mikono miwili. Lakini kwenye Olimpiki ya Paris nilimwona yule Mturuki, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida tu usoni, na medali akaibeba. Mwenzangu anasema mikono miwili ni ya waoga. Nani ananidanganya?
*Mwanafunzi Mpya*

Marahaba mwanangu. Mkufunzi wako hakudanganyi, na yule Mturuki pia hakukudanganya. Mwenzako ndiye apunguze maneno.

Yule ni Yusuf Dikeç. Mwaka 2024 yeye na Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha katika bastola ya upepo ya mita 10, timu mchanganyiko. Watu waliuona ule mkono wa mfukoni wakadhani ni maringo. Sheria ya mchezo ule inataka bastola ishikwe kwa mkono mmoja, kifundo cha mkono kikiwa huru bila cha kukiegemeza. Sasa ule mkono usio na kazi utauweka wapi? Ukiuacha unaning'inia, unayumba na kuuyumbisha mwili wote. Ndiyo maana walengaji wa mchezo huo huutia mfukoni, au huuchomeka kwenye mkanda. Na kumbuka ile ilikuwa Olimpiki yake ya 5, akiwa na miaka 51. Wewe una miezi 3.

Halafu tazama alichoshika. Bastola ya upepo hurusha kidonge cha milimita 4.5 kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Teke lake ni kama hakuna. Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja, mlengaji hupewa saa 1 na dakika 15 kwa risasi 60. Akiinua mkono na asipopendezwa na anachokiona, anaushusha, anapumua, anaanza upya. Hakuna anayemkimbiza.

Wewe unajifunza na bastola ya risasi ya milimita 9, inayojipakia yenyewe, na hapo mambo ni mengine. Mtutu wake umekaa juu ya kiganja chako. Risasi ikitoka, nguvu inayorudi nyuma inapita juu ya kifundo cha mkono, kwa hiyo mdomo wa bastola unaruka juu. Risasi yenyewe huwa imeshaondoka kabla mruko haujawa mkubwa, kwa hiyo kwa risasi moja tu mkono mmoja haukuibii sana. Deni linakuja kwenye risasi ya pili: mpaka uirudishe bastola mahali pake, mwenye mikono miwili ameshamaliza.

Kuna na jambo la slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachokwenda nyuma na mbele. Bastola ya aina hiyo hutumia lile teke kulitupa ganda la risasi iliyokwisha kutoka na kuingiza risasi nyingine. Kifundo kikiwa legelege, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari yake, na ganda linabanwa njiani. Nimeshuhudia wanafunzi wangapi wakiilaani bastola kwa kosa la kifundo chao! Nikiichukua mimi, inafyatua magazini nzima bila kukwama.

Huyo anayesema mikono miwili ni ya waoga anarudia, bila kujua, mafunzo ya mpanda farasi. Bastola ilikaa mkono mmoja kwa karne nyingi kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na hatamu. Farasi waliondoka, mazoea yakabaki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko California, kwenye mashindano aliyoyaandaa mwalimu wa bastola Jeff Cooper, wengi walikuwa wakichomoa na kufyatua kutoka kiunoni kwa mkono mmoja, wakiwahi sana na kukosa sana. Askari mmoja wa polisi, Jack Weaver, akaamua kuinua bastola hadi usawa wa jicho kwa mikono miwili: mmoja unasukuma mbele, wa pili unavuta nyuma, viwiko vimekunjwa kidogo. Akaanza kuwashinda. Miaka ya 1980 walengaji wa mashindano Rob Leatham na Brian Enos wakaja na mtindo wa kukielekeza kifua moja kwa moja kwenye shabaha na kunyoosha mikono yote sawasawa, kifua na mikono vikachora pembetatu. Nadhani huo ndio anaokufundisha mkufunzi wako.

Basi je, mkono mmoja uuache? Hapana, na hapa ndipo mimi na wakufunzi wengi hatuelewani. Mimi nilianza na bastola ya upepo, miaka 4 mizima ya mkono mmoja. Nilipohamia mikono miwili nilidhani nimepewa mapumziko. Matundu ya risasi zangu yalikusanyika vizuri, nikavimba kichwa. Baada ya mwaka nikarudi mkono mmoja siku moja kwa mchezo tu, na matundu yote yakaangukia chini kushoto. Nilikuwa nimejifunza kuminya mpini kwa vidole vyote wakati wa kufyatua, na mkono wa kushoto ulikuwa ukinifichia aibu.

Nikupe hesabu yake. Juu ya bastola kuna vilengeo viwili, vile vya kutazamia shabaha. Chukua bastola ambayo kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni sentimita 16. Mkono wako ukitetemeka na kuhama milimita 1 huku vilengeo vikibaki sambamba, kwenye shabaha ya mita 10 umekosea hiyo hiyo milimita 1. Lakini kidole kikiuvuta mdomo pembeni, kilengeo cha mbele kikatoka milimita 1 kwenye mstari wa kile cha nyuma, tundu linahama zaidi ya sentimita 6. Duara la 10, lile la katikati kabisa, kwenye shabaha ya bastola ya upepo lina upana wa milimita 11.5. Kwa hiyo mtetemo unaokuogopesha si adui yako mkubwa. Adui ni kidole.

Mwombe mkufunzi akuruhusu risasi 10 za mwisho wa kila zoezi uzipige kwa mkono mmoja, kwa karibu, mita 5 zinatosha. Mguu wa upande wa bastola utangulie kidogo, uzito uje mbele, ngumi ya mkono wa pili ibane kifuani. Ukikunja ile ngumi utaona hata mkono wenye bastola unakaza vizuri zaidi. Sijui kwa nini wengi hawaambiwi hili. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka vilengeo viwe kwenye shabaha. Macho yabaki kwenye kilengeo cha mbele, shabaha iwe na ukungu. Matundu yakitawanyika kote, ni mtetemo, utapungua. Yakijikusanya mahali pamoja pasipo pake, ni kidole.

Mwalimu, salamu. Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia na daktari anasema hautarudi ulivyokuwa. Nimelenga kwa mkono huo, bastola ya upepo, miaka 9. Je, kuanza upya na kushoto ni kujisumbua?
*Mzee wa Mita 10*

Pole sana, ndugu yangu. Mhungari Károly Takács alilipukiwa na guruneti mkono wa kulia mwaka 1938, mkono aliokuwa akilengea. Akajifunza kwa kushoto kimyakimya. Mwaka 1948 London akatwaa dhahabu ya bastola ya mita 25 ya mfululizo wa haraka, na mwaka 1952 Helsinki akaitwaa tena.

Unayohitaji ni haya. Mpini wako umechongwa kwa kiganja cha kulia. Usijaribu kuulazimisha, tafuta wa kushoto, la sivyo utapoteza mwaka ukipambana na mti badala ya shabaha. Kisha pima jicho: nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali humo, fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki nacho ndilo linaloongoza. Likiwa la kulia, na bastola iko kushoto, geuza kichwa kidogo, au weka kipande cha utepe unaopitisha mwanga kwenye kioo cha kulia cha miwani. Mwezi wa kwanza usifyatue kitu. Bastola tupu, umeikagua mara mbili, vidonge viko chumba kingine. Inua, shusha, inua. Miguu ipange upya kabisa: fumba macho, inua mkono, fumbua. Kama umeelekea pembeni, sogeza mguu wa nyuma. Mkono usiusahihishe.

Miaka 9 haijapotea. Jicho lako linajua picha inavyotakiwa kuwa, na pumzi yako inajua. Bega ndilo mwanafunzi.

Mkono wa pili niuweke chini ya mpini, kama kisahani chini ya kikombe? Naona ndivyo wengi wanavyofanya.
*Bila jina*

Wanavyofanya wengi kwenye picha, ndiyo. Kisahani hakizuii kikombe kuruka. Kiganja cha mkono wa pili kijaze ile nafasi iliyobaki wazi ubavuni mwa mpini, vidole vyake vifunike vidole vya mkono wa kwanza chini ya kilinda kifyatulio, na ubane kwa nguvu zaidi kuliko ule wenye kidole cha kufyatulia. Vidole gumba vyote viwili vilale upande mmoja, vikitazama mbele. Kwenye bastola ya silinda, ile ambayo risasi zake hukaa kwenye mviringo unaozunguka, usivipeleke mbele hivyo, maana moto hutoka pembeni ya silinda. Na kwenye ile ya slaidi kidole gumba kisivuke kwenda nyuma yake. Mimi kilivuka mara moja, na kovu liko kwenye gumba la kushoto hadi leo.