Maswali ya wasomaji: folda inapokataa kufunguka

SWALI: Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Kadutu, Bukavu. Nimeandika programu ya C# ya kutafuta PDF za wateja kwenye diski D, kwa Directory.GetFiles na SearchOption.AllDirectories. Inaanza tu, mara inakufa kwenye "System Volume Information". Nimeiendesha kama msimamizi, mambo ni yaleyale.

JIBU: Ndugu, folda hiyo kwa kawaida huingiwa na akaunti ya SYSTEM peke yake, kwa hiyo usimamizi hausaidii. Ruhusa zake usiziguse. Tatizo ni kwamba GetFiles hukusanya orodha nzima kwanza ndipo ikukabidhi. Ikikataliwa mahali pamoja hurusha UnauthorizedAccessException (kosa la kunyimwa ruhusa), na vyote ilivyokwisha kukusanya vinapotea. Ukiizungushia try na catch, programu haitakufa, lakini utabaki mikono mitupu. EnumerateFiles hutoa faili mojamoja, ila ikikwama nayo haiendelei tena.

Kuanzia .NET Core 2.1 (toleo la jukwaa linaloendesha C#) dawa ipo:

new EnumerationOptions { RecurseSubdirectories = true, IgnoreInaccessible = true, AttributesToSkip = FileAttributes.System | FileAttributes.ReparsePoint }

Ipe EnumerateFiles kama hoja ya tatu. IgnoreInaccessible huruka folda zinazokataa. RecurseSubdirectories usiisahau: usipoiweka, haishuki kwenye folda za ndani. ReparsePoint inaruka folda za bandia kama "Ma musique" ndani ya Documents kwenye Windows ya Kifaransa, ambazo ni vielekezi tu. System inakuepusha na pipa la taka, la sivyo faili ulizofuta zitarudi kwenye matokeo.

Lakini kwenye flashi za wateja, System iondoe. Kuna virusi ambavyo huzipa folda za watu alama za kufichwa na za mfumo, kisha huacha njia za mkato badala yake. Utasema flashi ni tupu kumbe kazi ya mteja imo.

Kwenye .NET Framework 4 chaguo hilo halipo. Tumia Stack<string>, yaani rundo la majina ya folda zinazosubiri: toa folda moja, ita GetFiles na GetDirectories bila AllDirectories, zote mbili ndani ya try, folda za ndani ziweke kwenye rundo, ikikataa, andika jina lake kwenye orodha ya zilizorukwa, endelea na inayofuata. Binafsi naona njia hii ni bora hata kwenye matoleo mapya, maana IgnoreInaccessible haikuambii iliruka nini. Tena haifuniki IOException (kosa la kusoma au kuandika), ile inayotokea folda zikiharibika baada ya umeme kukatika ghafla. Hiyo ni kazi ya chkdsk D: /f, amri ya Windows ya kurekebisha diski.

SWALI: Natumia Python kwenye Linux, hapa Goma. os.walk, ya kupitia folda zote, haileti kosa lolote, ila faili zinapungua. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu imeumbwa kunyamaza: folda isiyosomeka huiruka kimya. Ipe onerror:

zilizorukwa = []
for njia, folda, faili in os.walk(mzizi, onerror=zilizorukwa.append):

Kila kitakachoingia humo ni OSError. Jina la folda liko kwenye .filename ya kosa hilo.