Yuko Kahama au kahama? Maswali yenu ya majina

Nilimuuliza jirani mume wake yuko wapi siku hizi, akajibu "Kahama." Nikampa pole, nikamwambia wanaume ndo walivyo. Tangu siku hiyo haniongeleshi.

Shoga umeyataka. Mwenzio mumewe yuko zake Kahama, Shinyanga, kule kwenye dhahabu, we umesikia kahama, kabeba begi lake kaondoka. Kwenye meseji herufi kubwa ingekuokoa ila mdomoni hamna herufi kubwa. Siku nyingine uliza "anarudi lini?" afu subiri sura yake.

Mama kaniambia "Jumanne anakuja kurekebisha bomba." Jumamosi kuna kaka kagonga, nikamwambia fundi wetu anakuja Jumanne, akacheka, "si ndo mimi." Nikamfungia geti. Hadi leo hatuna maji.

😂😂 Mpigie umwombe radhi. Ila usimwambie aje Jumanne, tutarudi palepale.

Boda kanipeleka Mbezi siyo, kagoma kurudisha hela. Nani ana kosa?

We. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, Mbezi ya Luis iko barabara ya Morogoro kwenye stendi ya mabasi ya mikoani, na ukiwa Mwenge na foleni ile ya jioni hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Mimi yalinikuta kwenye send-off ya binamu yangu, shughuli iko kwa Luis, keki ikapelekwa Beach, dereva anapiga simu "nipo hapa getini" na sisi tuko getini tunaangaliana na mlinzi, hamna gari hamna keki. Ilifika saa nne usiku imelala upande kama imechoka, bibi harusi kaikata hivyohivyo. Kilichoniuma zaidi, aliyeandika "Mbezi" tupu kwenye oda ni mimi. Kwahiyo hela muachie boda wa watu.

Mchumba wangu si wa huku. Nimemwambia fungate tunaenda Mafia, kanuna, anauliza nafanya biashara gani.

Muoneshe ramani, ni kisiwa, mkoa wa Pwani, watu wanaenda kuogelea na papa potwe. Huyo ndo samaki mkubwa kuliko wote duniani ila chakula chake ni vijidudu vya majini, mtu hamgusi. Anza na hilo la vijidudu, jina la papa litaje mkishapanda boti.