Mwalimu, kachero wa Lamu ataishije bila gari?

SWALI: Salaam aleikum, Mwalimu. Naandika riwaya ya upelelezi, na mambo yote yanatokea hapa Lamu. Wenzangu barazani wananicheka: kachero gani huyu hana gari wala bastola, na kila uchochoro anaulizwa mamake hajambo? Tena, ni kweli Dashiell Hammett wa Marekani alikuwa kachero mwenyewe? Mbona aliacha kuandika mapema? Nimeambatisha sura ya kwanza. – Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Alikuwa kachero, tena wa kulipwa mshahara. Alizaliwa Maryland mwaka 1894, shule akaiacha mapema, na mwaka 1915 akaajiriwa Baltimore na kampuni ya upelelezi ya Pinkerton. Kazi ilikuwa kumwandama mtu bila kujulikana, kisha kuketi kuandika ripoti: nani kaingia, saa ngapi, kavaa nini, katoka na nani. Mteja halipi pesa zake asome machozi. Kwangu mimi, ule uandishi wake mkavu ulitoka humo. Kifua kikuu kikamtoa kazini, akashika kalamu. Kachero wake aliyeanza kuonekana katika jarida la Black Mask mwaka 1923 ni mfupi, mnene, mtu wa makamo, na jina hakupewa kabisa.

Mwaka huohuo alichapisha kumbukumbu za kazi yake, na kuna kisa kimoja kila nikikikumbuka nacheka peke yangu. Alikuwa akimwandama mtu siku ya Jumapili. Yule bwana akaenda kutembea mashambani, akapotea. Ikabidi Hammett mwenyewe amwelekeze njia ya kurudi mjini!

Sasa kilete kisa hicho kwenu. Mtu anaandamwa kutoka Mkomani kwenda Langoni. Kuta huku na huku, mbele wanakuja punda wamebeba mchanga, na pa kujibanza ni penye kizingiti cha mlango tu. Wote wawili wanajikuta hapo, bega kwa bega. Kachero amsalimu au asimsalimu? Akisalimu, sauti imejulikana. Akinyamaza ndiyo balaa zaidi, maana ni nani Lamu anayempita mtu kimya? Hiyo peke yake ni sura nzima, na gari halina kazi humo. Hammett aliandika San Francisco kwa sababu alikuwa akiishi huko. Wewe ukakope barabara zake za nini?

Kuhusu kuacha: riwaya zake ni tano tu, za kati ya 1929 na 1934, ikiwemo The Maltese Falcon. Pombe ilikuwepo, na pesa za Hollywood pia, lakini yeye alisema baadaye kwamba aliacha kwa kuwa alijiona anajirudia. Namwamini. Mtu huyu mwaka 1951 mahakama ilimtaka ataje waliochangia mfuko wa dhamana aliokuwa mmoja wa wasimamizi wake, baada ya wakomunisti waliodhaminiwa kutoroka. Hakutaja hata mmoja, akala jela kama miezi mitano. Akafariki mwaka 1961.

Sura yako nimeisoma. Mazungumzo ya wavuvi gatini ni mazuri, usiyaguse. Ila ukurasa wa pili kachero “anahisi ubaridi wa mauti” mara tatu, na ni mchana wa kaskazi! Futa zote tatu. Niambie ameona viatu vya nani mlangoni.